Chupa ya Chai ya Mama Sidi

Mke wangu Jumwa amenikataza kulisimulia jambo hili mbele ya watu, na mimi ni mtu wa kutii, ndiyo maana silisimulii, naliandika. Aibu yenyewe bado mbichi. Mpaka leo nikipita pale stendi ya Mishomoroni kuna mama muuza mbaazi ambaye hunipigia kelele, "Mzee Katana, leo umebeba chai?" na wateja wake wote wanacheka hadi mbaazi zinawapalia, nami nacheka nao, maana nitafanyaje, mtu mzima nitoke mbio?

Haya. Huku kwetu Kisauni kuna kituo kidogo cha kutibu watu walionaswa na ulevi, wa pombe na wa unga (si wa ugali, ule mwingine, ule uliotumalizia vijana). Kituo chenyewe ni vyumba vilivyopangana, ukumbi wa mabati na dirisha moja lenye nondo, na pale dirishani ndipo wale wa unga wanapopewa dawa yao ya maji, kila asubuhi ya Mungu, unainywa mbele ya muuguzi, unafungua mdomo aone umeimeza, unaenda zako. Ukikosa siku, mwili unakudai. Binti yangu wa kwanza, Sidi, ni mmoja wao. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema wazi. Unga ulimchukua, ukamrudisha, ukamchukua tena, mpaka tukawa tunafunga masufuria kwa kufuli, na alipoanza dawa ya dirishani ndipo taratibu akarudi kuwa mtu wa kukaa mkekani akamaliza chakula chake na kukucheka ukisema upuuzi. Akapata na kazi, kushona sare za shule kwa fundi mmoja pale Mlaleo.

Sasa shida ilikuwa hivi. Dirisha linafunguliwa saa tatu, fundi anataka watu wake wameketi cherehanini saa mbili. Kila siku Sidi anachelewa, kila siku fundi ananuna, na fundi huyo akinuna utadhani amefiwa. Na juu ya hilo ikaja habari kwamba wakubwa wanataka kukifunga kituo chetu na kukiunganisha na kile cha Likoni. Likoni! Mtu atoke Kisauni, avuke daraja, akate kisiwa kizima, apande feri, anywe dawa, afungue mdomo, arudi vile vile, halafu umwambie awe kazini saa mbili. Hiyo ni kumwambia arudi kwenye unga kwa adabu.

Wakubwa wakasema hawataamua hivi hivi, watatuma wageni kuja kutathmini. Sisi kwa wageni hatuna upungufu. Kwanza walikuja wa kutazama, wakafuata wa kutazama namna wale wa kwanza walivyotazama, na kila wakija hutundikwa bango jipya, watu wakapewa soda, wakaitwa wadau (mimi nimekuwa mdau mara nyingi kuliko nilivyokuwa baba arusi), na wakiondoka huacha shauri moja, kwamba waje wengine. Lakini hawa wa safari hii tuliambiwa ndio wenyewe, wakisema kifungwe kinafungwa, wakisema kiboreshwe kinaboreshwa. Na Sidi alichaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake. Alikuwa akijizoeza uani akianika nguo, anaiambia kamba, "Wageni waheshimiwa, dirisha lifunguliwe mapema."

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa ni Bi Rukia, mama wa buibui na sauti, akikuita jina lako unahisi kama una kosa hata kama huna. Akanijia mpaka barazani.

"Mzee Katana, sheikh ataomba dua, pasta atasali, na wewe utatuombea kimila, wageni wapende."

"Nitatambika."

"Utatambika kwa maji."

"Kwa maji?"

"Kile ni kituo cha kutibu walevi, babu. Maji. Nimesema nini?"

"Umesema maji."

"Rudia."

"Maji, Bi Rukia, maji!"

Na nilikuwa na nia ya maji, haki ya Mungu. Lakini asubuhi ya mkutano, nikiwa nimeshavaa koti (koti la sufi, kwa joto lile, wageni si wageni), nikawa natembea nikifikiri. Kwetu ukitambika unawaita wazee waliotangulia, koma zako, kwa majina. Wa kwanza kumwita ni babu yangu mzaa baba, na mzee yule katika uhai wake wote sikuwahi kumwona akinywa maji. Akiyaona alikuwa anaoga. Sasa nimwite kutoka kaburini Kaloleni mpaka Kisauni, mbele ya watu wenye tai, kwa ajili ya mjukuu wa mtoto wake, jambo zito kama lile, halafu nimmwagie maji ya bomba, tena ya bomba la Kisauni lenye chumvi? Angegeuza. Nami nilitaka aje. Nilitaka waje wote, wasimame nyuma ya mwanangu akisema maneno yake. Msinicheke hapo, hapo nilikuwa na akili zangu.

Basi nikapitia kwa Charo, mgema wangu, nikachukua mnazi wa asubuhi, ule mtamu, ambao ukinipa mimi nakwambia ni maziwa. Nikajiambia nitamwaga kidogo tu chini, nani atajua. Tatizo likawa chombo, kwa maana langoni kuna askari anayepekua mifuko. Nikarudi nyumbani, Jumwa hayupo, kaenda sokoni, nikaona chupa yake ya chai, ile nzuri ya maua inayotoka harusini na kwenye matanga tu. Nikautia humo, nikakaza kifuniko. Askari akaniuliza, "Nini hicho, mzee?" Nikamwambia chai. Akanipigia saluti.

Na sasa hapa, wanaojua mnazi wameshaanza kutikisa kichwa. Mnazi hautiwi mahali ukafungiwa. Unapumua, unafura, unataka nafasi yake, na jua likipanda nao unapanda, ule mtamu wa asubuhi ikifika saa nne si mtamu tena. Mimi niliyekua chini ya minazi nilikuwa najua hayo yote, na bado nikaukaza.

Wageni wakachelewa, kama ilivyo kawaida yao. Nikaketi mstari wa mbele, chupa chini ya kiti. Nikakaa, nikakaa, na mzee wa umri wangu akikaa sana kuna mahali lazima aende. Nikaenda. Choo cha kituo kiko nyuma kabisa, na kina mlango unaotaka kushikiliwa, kwa hiyo haikuwa safari fupi. Kumbe huku nyuma wageni wameingia, na Bi Rukia akaona si ustaarabu kuanza maombi na watu hawajatia kitu mdomoni, akawaambia kina mama wa jikoni wakusanye chupa zote za chai wawape wageni kwanza. Chupa zote.

Narudi, nainama, chini ya kiti pana kandambili ya mtu tu.

Nikainua macho. Chupa ya Jumwa iko juu ya meza ya wageni, pale pale mbele ya mkuu wao, mzee mnene kutoka bara, mwenye tai na miwani inayoning'inia kifuani. Mama mmoja akaikamata, akazungusha kifuniko, ikasema pwaa! kama bunduki ya harusi, kifuniko kikaruka, povu likamwagika kitambaani.

"Maziwa yamefura," akasema yule mama.

"Si chai hiyo," akasema mwenzake, "yaonekana juisi ya nazi."

"Haidhuru, wape, joto hili."

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na nafasi kubwa kabisa, ningeinua mkono tu nikasema hiyo ni yangu, nileteeni. Lakini Bi Rukia alikuwa ananitazama, nikaketi nikajishughulisha na kifungo cha koti, nikijiambia labda hataipenda.

Akaipenda. Alionja, akasimamisha kikombe, akaonja tena. "Ala! Hii kitu ya Coast iko sawa," akasema. "Mnaweka nini ndani?"

"Nazi, mheshimiwa," akajibiwa.

"Nazi peke yake? Ebu ongeza."

Akaongezwa. Akainuka kuhutubia na kikombe mkononi, maombi yakasahauliwa. Akasema wakubwa hawatavumilia ulevi hata wa tone moja, akanywa. Akasema hata hapa kituoni lazima ijulikane nidhamu ikoje, akanywa. Mtambo wao wa kuonyesha picha ukutani ulikuwa umewashwa wakati jua limejaa ukumbini, kwa hiyo hatukuona kitu ila mstari mmoja wa buluu, lakini yeye alituelezea kila picha kwa furaha inayozidi kupanda, mpaka akaanza kutusifu tulivyo wazuri, akamwita sheikh ndugu yake na pasta shemeji yake.

Wagonjwa walikuwa wamekaa nyuma, na feni ilikuwa inapuliza kutoka mezani kwenda kwao. Kuna mmoja aitwaye Bakari, aliyeunywa mnazi miaka na mikaka kabla ya kuja kutibiwa. Nikamwona anainua pua. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akamnong'oneza jirani yake. Halafu akainuka akatoka. Jirani akamfuata. Wakatoka mmoja mmoja, kimya, wameinamisha vichwa, mpaka Sidi naye akainuka akatoka, na nyuma pakabaki viti vitupu.

Mkuu wa wageni akakatiza hotuba. "Mnaona? Mnaona hao? Kikao kinaendelea na wagonjwa wanatoka! Hapa hakuna nidhamu kabisa! Hii sasa ndio inaenda kwa ripoti!"

Muuguzi mkuu, Sista Halima, akatoka mbio kuwauliza. Mlango ulikuwa wazi, sote tukasikia.

"Bakari, mnaniaibisha! Rudini ndani!"

"Hatuwezi, Sista. Si wewe uliyetufundisha, ukisikia harufu usibishane nayo, ondoka? Humo ndani muna mnazi. Tena wa kwa Charo."

Mkuu wa wageni akakitazama kikombe chake. Nikaona uso unabadilika, kutoka furaha hadi hesabu hadi hasira, na hasira ya mtu aliyejikuta kalewa bila kupenda ni kali kuliko ya mtu aliyekusudia. Akaikamata ile chupa. "Nani ameleta pombe kwa hospitali ya walevi? Nani?"

Jamani, kuna kitu sijawaambia, nilikisahau kama nilivyokisahau siku ile. Mnawajua wake zetu na vyombo vyao. Chombo kikienda matangani lazima kiwe na alama, la sivyo kinarudi kwa mwingine, na Jumwa kila chombo chake amekiandika kitakoni kwa rangi ya kucha, nyekundu, herufi kubwa. Yule bwana akaipindua chupa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"MAMA SIDI."

Halafu akauliza, "Sidi ni nani?"

Shingo zote ziligeuka mlangoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama mwanangu, na shati lake jeupe alilolipiga pasi usiku wa jana yake.

"Ni mgonjwa huyu?"

"Ni mgonjwa wetu," akasema Sista Halima polepole, "lakini..."

"Sheria yenu inasemaje, mgonjwa akiingiza pombe?"

Sheria iko ukutani, kila mtu anaijua, anatolewa kwenye dawa. Sidi hakunitazama hata mimi. Aliitazama ile chupa, akajua, nikaona amejua, na akanyamaza.

Nikainuka. Nikashika kiti cha sheikh. Nikasema, "Mheshimiwa, mwacheni mwanangu. Chupa nimeileta mimi. Mnazi ni wangu."

Mnadhani nilitukanwa? Laiti! Yule bwana alilegea uso, akaweka mkono kifuani. "Mzee," akasema, "sisi pia ni wazazi. Uchungu wa mtoto tunaujua. Lakini usijitwike makosa yake."

"Si makosa yake, ni yangu!"

"Huyu ndiye baba!" akapaza sauti pasta. "Mmeona upendo wa baba?" Na watu wakapiga makofi. Mama mmoja akajifuta machozi kwa leso. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, kwamba niliununua mwenyewe asubuhi kwa ajili ya kutambikia, wakapiga makofi zaidi, mwingine akasema wazee kama hawa wamekwisha duniani. Maisha yangu yote nimesema uongo nikaaminiwa, siku moja nasema kweli nashangiliwa kwa uongo. Na kila nikizidi kusifiwa, ndivyo Sidi anavyozidi kuonekana mwenye hatia.

Basi sikuwa na la kufanya ila moja. Nikatia mkono katika mfuko wa koti la sufi nikatoa mboko wangu, kile kibuyu kidogo cha kunywea, na mrija wake, vyote bado vibichi, kwa maana (nilikuwa natumai sitafika hapa) kule kwa Charo nilikuwa nimeuonja kwanza. Nikaviweka juu ya meza ya wageni, mbele ya bango. Mboko ukabingirika kidogo, ukatoa tone, ukatulia.

Makofi yakafa.

"Maji!" akapiga yowe Bi Rukia, akajipiga paja. "Nilimwambia maji! Nilimfanya arudie mara mbili kama mtoto wa chuo! Maji, Katana! Mzee huna haya wewe, huna hata ya kukopa!"

"Si nilisema ni wa kwa Charo?" ikaja sauti ya Bakari kutoka juani.

Sitawaandikia kicheko kilichofuata. Kicheko kile nikilala nakisikia. Mkuu wa wageni peke yake hakucheka, alishika kalamu. "Hii yote naandika," akasema, "yote kama ilivyo, wakubwa wajue."

Bi Rukia akamsogelea, akiwa bado anahema. "Andika, baba. Andika yote. Andika na vikombe."

"Vikombe gani?"

"Vyako."

Akakaa kidogo na kalamu hewani. Kisha akaifunika. Akasema, kwa upole ambao haukuwamo kwenye hotuba, kwamba labda sasa wagonjwa wasikilizwe, maana wao ndio waliowaleta wageni pale.

Chupa ikatolewa nje, madirisha yakafunguliwa, wagonjwa wakarudi. Sidi akasimama. Nilikuwa nayajua maneno yake kwa moyo kwa sababu ya ile kamba ya nguo, na aliyasema yote, juu ya dirisha na saa mbili na Likoni na feri, bila kutetemeka. Halafu akaongeza ambayo kamba haikuyasikia.

"Na jingine. Sisi tunafundishwa hapa, lakini nyumbani kwetu hakuna anayefundishwa. Unatoka hapa mdomo bado mchungu wa dawa, unafika mlangoni unakuta kibuyu kimetundikwa. Unakipita. Kesho unakipita tena. Hakuna anayeuliza unakipitaje." Alisema akiwatazama wageni, si mimi. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa natazama sakafu ya saruji iliyomwagwa na Bi Rukia na kamati yake, ilivyopasuka.

Kituo hakikufungwa. Dirisha sasa linafunguliwa alfajiri baada ya swala, na fundi wa Mlaleo amepata jambo jingine la kununia. Kivuli cha pale foleni walituahidi, bado hatujakiona, ila bango jipya limeshafika. Na wakaweka siku ya wazazi na jamaa kuja kufundishwa namna ya kukaa na mgonjwa, na wa kwanza kupelekewa wito, na Bi Rukia mwenyewe kwa sauti yake barabarani, nilikuwa mimi. Siku ya kwanza Sista Halima alituambia tujitambulishe. Nikasema naitwa Katana. Ukumbi mzima ukasema, "Tunakujua!"

Lakini niwaambie safari ya kurudi nyumbani siku ile. Sidi alitangulia, mimi nyuma, jua la mchana kweli. Tulipofika karibu na msikiti akapunguza mwendo.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Ulipoinuka pale, nilidhani unaenda zako."

"Niende wapi?"

"Huwa unaenda," akasema. Si kwa hasira. Kama mtu anayekwambia barabara ina mchanga. Akashika njia tena.

Basi mnazi sijauacha, sitawadanganya, mwulizeni Charo. Ila nyumbani hauingii, si kwa mboko, si kwa chupa, na msumari wa pale mlangoni nimeung'oa. Na wakitafuta mzee wa kutambika mkutanoni, watafute kwingine. Mimi huketi kiti cha nyuma, karibu na ukuta, nikiwa nimeshaenda chooni kabla, na mpaka mwanangu amalize kusema siinuki.